Maswali ya Gari: Matairi ya mtumba, matairi ya kuzibwa, na hesabu yake

Msimu wa korosho unapokaribia, barua za wasomaji wa Mtwara na Lindi huacha habari za injini na kuingia kwenye matairi, kwa sababu magari yaliyolala miezi kadhaa yanarudi barabarani kubeba magunia na watu. Safari hii tumechagua barua nne.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu hapa Nachingwea, nami ninaendesha gari dogo linalotumia matairi ya 195/65R15. Ninasafiri kwenda Lindi mara kwa mara, na mara nyingine hadi Mtwara, pamoja na familia. Muuzaji mmoja wa Masasi yuko tayari kunipa matairi manne ya mtumba kutoka Japani kwa shilingi 70,000 kila moja, wakati mapya ya ukubwa huohuo anayauza shilingi 160,000. Anasisitiza kwamba tairi la mtumba la Mjapani linalishinda tairi jipya la bei nafuu. Je, ninunue?

JIBU: Mwalimu, tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo iliyokuvutia. Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata, yaani vile vipande vya raba vilivyoinuka kwenye uso wa kukanyagia, zenye kina cha takriban milimita 8. Kikomo cha kisheria nchini Japani na katika nchi za Umoja wa Ulaya ni milimita 1.6, na ndani ya mifereji ya tairi lolote utaona vinundu vidogo vilivyoinuka kwa kimo hichohicho. Kashata zikishakuwa sawa na vinundu hivyo, tairi limekwisha hata kama bado halijawa kipara. Maana yake ni kwamba mnunuzi wa tairi jipya hanunui milimita 8, bali milimita 6.4 za kutumia. Tairi la mtumba lenye milimita 4, ambalo kwa macho linaonekana limebakiza nusu ya maisha yake, kwa kweli lina milimita 2.4 tu. Sasa gawa bei ulizotajiwa: kwa tairi jipya kila milimita ya kutumia inakugharimu shilingi 25,000, na kwa lile la mtumba inakugharimu zaidi ya shilingi 29,000. Lililoonekana rahisi ndilo ghali. Ili lilingane na jipya, tairi hilo lisingepaswa kuzidi shilingi 60,000, na hapo hatujaingiza umri wake, wala ukweli kwamba fundi atakutoza fedha ileile ya kulifunga na kulisawazisha, kisha utarudi kwake mapema zaidi kufunga jingine.

Hesabu hiyo hugeuka kina kikiwa kikubwa. Ukikuta tairi la milimita 5.5 kwa bei hiyohiyo ya shilingi 70,000, una milimita 3.9 za kutumia, na kila moja inakuangukia kwa chini ya shilingi 18,000. Hapo ninaweza kuelewa kwa nini mtu atoe pesa yake. Kwa hiyo usiende Masasi bila kipimo. Kama huna kifaa chenyewe, kijiti cha kiberiti kinatosha: kisimamishe ndani ya mfereji, kibane kwa ukucha pale kinapolingana na uso wa kashata, kisha kiweke juu ya rula. Pima katikati, pima upande wa ndani na upande wa nje, kisha zungusha tairi na upime mahali pengine. Tairi lililolika upande mmoja lilitoka kwenye gari ambalo alaimenti yake, yaani mpangilio wa magurudumu, ilikuwa mbovu, na kina unachopaswa kukihesabu ni kile cha upande uliolika zaidi, kwa sababu huo ndio utakaokwisha kwanza.

Baada ya kina, tazama umri. Kwenye ubavu wa tairi kuna mfululizo wa herufi na tarakimu ambao kwa kawaida huanza na herufi DOT, na tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe ya kutengenezwa: 3517 ni wiki ya 35 ya mwaka 2017. Mara nyingi mfululizo kamili upo upande mmoja tu, kwa hiyo usipouona geuza tairi kabla hujaamini kwamba limefutika. Raba huzeeka hata ikiwa haitembei. Joto, jua na hewa yenyewe huifanya ikauke, ipoteze mnyumbuko na kuanza kupasuka mipasuko myembamba, na joto la pwani yetu haliichelewi. Kampuni ya Michelin inashauri tairi likaguliwe na mtaalamu kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na liondolewe likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama linaonekana zima, likiwamo la spea. Baadhi ya watengenezaji wa magari ni wakali zaidi na wanataja miaka 6. Nchini Uingereza, tangu tarehe 1 Februari 2021, ni marufuku kufunga tairi lenye zaidi ya miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Mimi kwa gari la familia ninaloliendesha mwenyewe nisingenunua tairi la mtumba lililokwisha kupita miaka 5, kwa sababu nataka linibakizie angalau muda wa kulimaliza. Na usidhani suala hili linahusu mtumba peke yake: tairi "jipya" lililoning'inizwa juani mbele ya duka kwa miaka mitatu nalo limeshazeeka, hivyo soma tarehe na huko pia.

Kuhusu sifa ya Mjapani, muuzaji wako ana ukweli nusu. Tairi hilo huenda lilitoka kiwandani likiwa bora sana, lakini wewe hulinunui siku hiyo. Isitoshe, Japani ina maeneo yenye theluji, na kati ya matairi ya mtumba yanayotoka huko yamo yaliyotengenezwa kwa ajili ya baridi. Utayatambua kwa neno STUDLESS ubavuni, au kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, na kashata zake zimejaa vichanja vyembamba vingi kama mkate uliokatwa slesi. Raba yake ni laini makusudi ili isikakamae kwenye barafu. Ukiileta kwenye lami ya Mingoyo saa nane mchana inalainika kupita kiasi, inalika haraka na gari linayumba kwenye kona. Matairi hayo huwa na kashata nyingi na sura ya upya, ndiyo maana watu huyakimbilia. Kwa hali ya hewa ya Lindi na Mtwara yaache, hata ukipunguziwa bei.

Kisha omba jambo ambalo wauzaji wengi hawalipendi: tairi livuliwe kwenye rimu, au kama halina rimu, lipanuliwe mbavu zake uone ndani. Pitisha kiganja. Kiraka kimoja safi katikati ya uso wa tairi hakinitishi sana. Kinachonitisha ni mstari wa duara uliochakaa unaozunguka ubavu kwa ndani, pamoja na unga mweusi wa raba uliojikusanya, kwa maana hiyo ni dalili kwamba tairi liliwahi kuendeshwa likiwa halina upepo, mbavu zikasagana, na nyuzi zilizomo zimechoka. Kwa nje tairi hilo linaweza kung'aa, hasa likishapakwa ile dawa ya kulitia weusi. Pia tazama kama kuna uvimbe wowote ubavuni; uvimbe ni nyuzi zilizokatika, na raba peke yake ndiyo inayozuia upepo. Askari wa usalama barabarani atakayekusimamisha pale njiani ataziona kashata, lakini hayo ya ndani hatayaona.

Ushauri wangu, Mwalimu, ni huu: kama fedha ya matairi manne mapya haipo, nunua mawili mapya badala ya manne ya mtumba, kwani fedha yake haipishani sana; mawili kwa shilingi 320,000 na manne kwa shilingi 280,000. Kati ya yale unayotumia sasa chagua mawili yaliyo bora, mradi hayajafikia vinundu. Yale mapya yafunge nyuma. Najua mafundi wengi watakushauri uyafunge mbele kwa sababu ndiko kwenye usukani na, kwa magari mengi madogo, ndiko injini inakovuta. Lakini watengenezaji wa matairi wanashauri kinyume chake, kwa kuwa barabara ikiwa na maji na tairi la nyuma likateleza, gari hujizungusha na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha, ilhali tairi la mbele likiteleza dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi na hupunguza mwendo. Mvua zetu za Desemba hadi Aprili zitakupa sababu ya kulikumbuka hilo.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha gari la abiria kati ya Mtwara na Newala kupitia Tandahimba. Pancha ni kama sehemu ya kazi. Fundi mmoja huziba kwa kusokomeza uzi wa raba kutoka nje bila hata kuvua tairi, dakika chache nimeondoka. Mwingine anasema hiyo ni kazi ya kubahatisha, lazima avue tairi abandike kiraka kwa ndani, na bei yake ni kubwa. Wiki iliyopita nilipata tundu ubavuni, nikashauriwa niweke tyubu ndani ya tairi hilo na kuendelea. Nani anasema kweli? Na je, tairi lililozibwa ni salama kwa abiria?

JIBU: Dereva, tairi lako mwenyewe lililozibwa vizuri ni salama, na ni upotevu wa fedha kulitupa kwa ajili ya msumari mmoja. Hapa ndipo ninapotofautisha kuziba na mtumba: tairi lako unalijua lilitobokea wapi, uliligundua baada ya muda gani, na ulikwenda nalo umbali gani likiwa limelegea. La mtumba mambo hayo yote anayajua mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Fundi wa pili ndiye mwenye haki, ingawa naye hajakamilisha. Viwango vinavyofuatwa Uingereza na Marekani vinakubaliana katika mambo makuu: tundu liwe kwenye uso wa kukanyagia, si begani, pale uso unapokutana na ubavu, wala ubavuni, kipenyo chake kisizidi milimita 6 kwa matairi ya magari madogo, na tairi livuliwe likaguliwe ndani kabla ya kuzibwa. Kuvua si urasimu. Msumari uliopenya unaweza kuwa umechana zaidi kwa ndani kuliko unavyoonekana nje, na tairi lililotembea likiwa na upepo kidogo linaonyesha majeraha yake kwa ndani tu. Tena, tundu lenyewe linahitaji vitu viwili. Linahitaji kujazwa, ili maji na mchanga visipenye hadi kwenye waya za chuma zilizomo na kuzitia kutu; na linahitaji kufunikwa kwa ndani, ili upepo usitoke. Uzi wa kusokomeza kutoka nje hujaza bila kufunika. Kiraka cha kawaida hufunika bila kujaza. Kinachotakiwa ni kiraka chenye mguu, mguu upite ndani ya tundu na kichwa kigande kwa ndani, baada ya mahali hapo kusuguliwa na kupakwa gundi yake. Fundi asiyekuwa na viraka vya namna hiyo anaweza kujaza tundu kwanza na kubandika kiraka juu yake. Ni kazi zaidi, lakini ni kazi sahihi.

Sikatai kwamba uzi wa nje una mahali pake. Ukitobokewa ukiwa katikati ya mikorosho, jua linazama na abiria wana watoto, uzi utakufikisha mjini. Ukishafika, tairi livuliwe. Kosa la wengi ni kwamba uzi wa dharura wa mwezi wa tano unakutwa bado uko palepale mwezi wa kumi na moja, pamoja na mingine miwili iliyosokomezwa jirani yake.

Ama tundu la ubavuni, jibu ni fupi: tairi hilo limekufa. Ubavu ndio unaokunjuka na kukunjamana kila gurudumu linapozunguka, na nguvu yake ni nyuzi zilizopangwa ndani ya raba. Tyubu hushika upepo, haiunganishi nyuzi zilizokatika. Ukiweka tyubu, au ukaweka na kipande cha tairi kuukuu ndani kama kiraka, umeficha jeraha na kuongeza msuguano na joto, na siku litakapopasuka halitatoa upepo taratibu kama pancha ya msumari. Litapasuka kwa mara moja, gari likiwa limejaa watu. Kwa gari la abiria sina namna ya kulilegeza jibu hili.

Kuna jambo moja hukuliuliza lakini linahusu njia yako hasa. Madereva wa kwenye mchanga wa uwanda wa Makonde hupunguza upepo ili gari lisizame, na ni ujuzi halali. Tatizo huja mchanga unapokwisha na lami kuanza, dereva akapandisha mwendo bila kurudisha upepo kwa kuwa kompresa iko mbali. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi, kujikunja kwake huzaa joto, na joto ndilo linaloachanisha tabaka za tairi, iwe limezibwa au halijazibwa, jipya au kuukuu. Nunua pampu ndogo inayotumia umeme wa gari. Kipimo sahihi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva katika magari mengi, nacho hupimwa asubuhi kabla tairi halijapata moto.

SWALI: Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa Lindi mjini, nina lori dogo linalobeba korosho na mara nyingine chumvi. Dereva wangu ameniletea habari ya matairi yaliyovalishwa uso mpya juu ya mwili wa zamani, na pia habari ya mtu anayechonga kashata upya kwenye matairi yaliyoisha kwa fedha kidogo sana. Je, vyote viwili ni kitu kimoja?

JIBU: Mama, si kitu kimoja hata kidogo, na dereva wako asikuchanganyie mambo.

Kuvalisha uso mpya ni kazi ya kiwandani: tairi la zamani hukaguliwa, uso wake huparuliwa, kisha hutiwa raba mpya na kupikwa kwa joto na mgandamizo mpaka vishikane. Malori duniani kote huyatumia, na hata ndege kubwa za abiria huruka na kutua kwa matairi ya aina hiyo. Ubora wake unategemea mambo mawili, mwili wa zamani ulikuwa mzima kiasi gani na nani aliyeuvalisha. Kwa hiyo nunua panapotolewa dhamana ya maandishi, au peleka matairi yako mwenyewe ambayo historia yake unaijua. Yafunge nyuma tu. Nchini Marekani sheria inakataza mabasi kutumia matairi hayo kwenye magurudumu ya mbele, na hata kama wewe huna basi, busara ya sheria hiyo inakufaa: tairi la mbele likiachana uso, dereva ananyang'anywa usukani. Kule nyuma, ambako matairi huwa mawili mawili, hakikisha yanayokaa pamoja yana kimo kimoja na upepo mmoja, maana likiwa moja ni fupi au limelegea, mwenzake hubeba uzito wa yote mawili, na kwa kawaida ndilo zima linalotangulia kufa.

Kuchonga ni jambo jingine. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa yakiwa na raba ya ziada chini ya kashata kwa ajili ya kuchongwa baadaye, nayo huandikwa REGROOVABLE ubavuni. Kama neno hilo halipo, mchongaji hakuongezei kitu chochote. Anapunguza raba iliyobaki juu ya waya, wakati mwingine mpaka waya zinakaribia kuonekana, ili tairi lipendeze machoni pa askari na mnunuzi. Matairi ya magari madogo hayachongwi kabisa. Mtu akikuletea tairi la mtumba lenye mifereji yenye kingo kali mno, ambalo vile vinundu vya kikomo havionekani popote mferejini, basi limeshapitiwa na kisu.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Gari la marehemu mume wangu limekaa hapa Mikindani kwa miaka mingi bila kutembea. Matairi yake yana kashata zote kama mapya. Mpwa wangu ana gari la ukubwa huohuo na anayaomba. Nimpe au niyauze?

JIBU: Marahaba, na pole kwa msiba. Mwambie mpwa wako asome tarakimu nne za tarehe tulizozieleza katika jibu la kwanza. Yakiwa yamepita miaka 10, usimpe na usiyauze, hata akikuonyesha kashata zake. Gari likisimama kwa miaka upepo huisha taratibu, tairi hulalia upande mmoja, na sehemu hiyo hukunjika bila kunyooka tena. Ukichanganya na umri na hewa ya bahari ya Mikindani, tairi hilo linaweza kutembea vizuri mjini kwa wiki nzima na kupasuka siku ya kwanza litakapopata mwendo mkubwa kuelekea Lindi. Yakiwa chini ya miaka 5, ayavue, yakaguliwe ndani na nje, na kama hayana mipasuko wala mkunjo anaweza kuyatumia. Yakiwa katikati ya hapo, mimi ningeyakataa, ila uamuzi ni wa fundi atakayeyaona kwa macho. Yale yatakayokataliwa usiyaache nyuma ya nyumba, kwa kuwa atatokea mtu wa kuyaokota, kuyapaka dawa na kuyauza. Mpelekee fundi wa katambuga, na umwombe ayakate ukiwapo.